Mashine ya kufulia inanguruma ikikamua: kagua beringi kabla ya kununua mashine nyingine

Ndugu, umesema mashine yako ya mlango wa mbele, yenye miaka saba, inanguruma ikikamua na inaacha madoa ya kutu sakafuni kwa nyuma. Hizo ni dalili za kuisha kwa beringi, yaani pete zenye gololi zinazobeba mhimili wa pipa, ila hakikisha kwanza. Chomoa umeme, fungua mlango, shika ukingo wa ndani wa pipa la chuma ulinyanyue na kulishusha. Pipa na tangi la plastiki linalolizunguka vikisogea pamoja, hizo ni springi tu. Pipa likicheza peke yake ndani ya tangi, beringi zimekwisha.

Beringi ni mbili kwa kawaida, na mara nyingi hazifi zenyewe. Sili, mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi, ndiyo hutangulia kuchoka: maji ya sabuni yanapenya, yanaosha grisi, kutu inaanza. Kwa hiyo badilisha vyote vitatu kwa pamoja. Nunua kwa namba iliyochongwa kwenye beringi ya zamani, kwa mfano 6205 au 6206, si kwa kukisia kwa macho. Wakati wa kupachika kwenye tangi gonga duara la nje tu. Ukigonga la ndani unaumiza gololi. Sili ipakwe grisi isiyoondoka kwa maji.

Kagua pia shafti, yaani huo mhimili wa pipa, pale sili inapokaa. Ikiwa imelika na kuweka mfereji, sili mpya itavuja baada ya muda mfupi. Muulize fundi mapema kama tangi lako linafunguka kwa skrubu. Matangi yaliyochomelewa hubadilishwa mazima, na bei yake wakati mwingine inakaribia ya mashine iliyotumika. Kwa sasa simamisha kufua.