Kabla Hujadai Kocha wa Ulinzi Afukuzwe

Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018 nilimtolea shemeji yangu maneno ambayo hadi leo nayaonea haya. Yeye anaishi Columbus, Ohio, mimi naishi Ypsilanti, Michigan, mwendo wa kama saa tatu kwa gari. Kwenye futiboli ya Marekani ya vyuo, Ohio State ilikuwa imeifunga timu yangu, Michigan, pointi 62 kwa 39, nyumbani kwao. Akanipigia baada ya mechi, anacheka, utani wa kawaida wa mashemeji. Nikamjibu kwa ukali. Nikawatukana vijana wetu wa nyuma, nikamtukana kocha, mwisho nikamgeukia yeye mwenyewe. Dada yangu akaichukua simu, akaniambia, "Kaka, lala salama," akakata. Hatukuzungumza mpaka Krismasi.

Naandika haya kwa ndugu zangu mlioko huku Marekani ambao mpira wao wa vyuo umewaingia damuni kama ulivyoniingia mimi, na ambao kila Jumamosi jioni mnabishana saluni, kazini na kwenye makundi ya WhatsApp kwamba ulinzi umeoza na kocha aondoke. Nimebishana hivyo miaka mingi. Ipo namna ya kubishana inayokuelewesha mchezo, na ipo inayokuachia hasira na undugu uliovunjika.

Kwa msomaji wa Dar au Mombasa asiyeufuatilia mchezo huu, jambo moja tu ulijue. Futiboli ya Marekani huenda kwa majaribio mafupi mafupi, na chini ya kocha mkuu yupo kocha maalumu wa ulinzi. Kabla ya kila jaribio yeye ndiye anayeamua walinzi kumi na mmoja wasimame vipi na nani amkabe nani. Fikiria Simba au Yanga ina kocha wa mabeki anayeruhusiwa kuwapanga upya kila baada ya nusu dakika hivi. Ndiyo maana ulinzi ukivuja, jina lake ndilo la kwanza kutajwa. Na huku hasira si ndogo: uwanja wa Michigan una nafasi ya watu zaidi ya 107,000. Ujaze Uwanja wa Mkapa, kisha uongeze wengine 47,000.

Kocha wetu wa ulinzi wakati ule alikuwa Don Brown, aliyekuja mwaka 2016 akitokea Boston College. Falsafa yake ilijulikana na kila mtu: tatizo lolote alitaka litatuliwe kwa ukali. Mabeki wake walikaba mtu kwa mtu, uso kwa uso, tangu mpira unapoanza, na nyuma yao hakubaki mtu wa kutosha kwa sababu wengi walitumwa kumvamia kwotabaki, yule mchezaji anayetupa pasi, kabla hajaitupa. Ilifanya kazi. Mwaka wake wa kwanza, Michigan ilikuwa timu iliyowaruhusu wapinzani kusogeza mpira yadi chache kuliko chuo chochote nchini. Tulipokwenda Columbus mwaka 2018 tulikuwa tumeshinda mechi kumi na kupoteza moja, tunashika nafasi ya nne kitaifa, na kwa yadi tulikuwa tena wa kwanza. Nilikuwa natembea na takwimu hiyo kama kitambulisho.

Kisha kwotabaki wao, Dwayne Haskins, Mungu amrehemu, akatupa pasi sita za tachidauni, yaani za kuufikisha mpira eneo letu la mwisho, ambako ndiko kufunga.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa kazini kwetu, Mmarekani mweusi, aliyefundisha timu ya sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alitutembelea nyumbani Jumapili moja ya Desemba ile. Mke wangu alikuwa mezani anachambua mahindi na maharage ya makande. Mzee akanisikiliza nikilalamika, halafu akaomba kiganja kimoja cha mahindi na kiganja kimoja cha maharage. Akapanga mahindi kumi na moja upande wake, wale wakawa washambuliaji. Akapanga maharage kumi na moja upande wangu.

Akachukua punje mbili za mahindi, moja toka kushoto, moja toka kulia, akazisukuma taratibu kwa vidole viwili zikapishana katikati, karibu karibu kabisa, yadi chache tu kutoka mpira ulipoanzia. "Sasa sukuma maharage yako," akaniambia. "Kila mmoja amfuate wake." Nikasukuma. Maharage yangu mawili yakagongana katikati ya meza. Punje ya mahindi ikapita upande wa pili, mbele yake meza tupu hadi ukingoni, kwa sababu maharage mengine yote yalikuwa yanakimbiza watu wao au yameshatumwa kumvamia kwotabaki.

"Aliyekosea hapa ni nani?"

Nikasema ni beki, amepitwa.

"Tazama tena. Amefanya kila alichofundishwa."

Ndivyo mpokeaji wao wa pasi, Parris Campbell, alivyotuumiza siku ile: pasi sita, yadi 192. Hakuwazidi mabeki wetu ujanja wa miguu. Alikuwa na mbio, wao wakapewa kazi ya kumfuata wakipita katikati ya msongamano. Aliyecheza ndondo atalijua hili kwenye kona: washambuliaji wawili wanapishana mbele ya kipa, mabeki waliopewa kila mtu na mtu wake wanakanyagana, mmoja anabaki peke yake anapiga kichwa. Dawa yake ni kupeana. "Huyu anakuja kwako, mchukue, mimi nabaki na anayekuja kwangu." Ndiko kukaba eneo, na hakuji kwa kusema tu. Kunataka mazoezi ya wiki nyingi na mabeki wanaopigiana kelele kama makondakta wa daladala.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao ndio mzito kuliko mwingine wote: usibishane juu ya matokeo, bishaneni juu ya jaribio moja. Chagueni pale mlipoumizwa, rudieni video, na safari hii msiutazame mpira. Watazame walinzi. Ukiona beki amefika mahali pake na mtu wake amemshinda kwa nguvu au mbio, hapo suala ni mchezaji. Ukiona walinzi wawili wamemfuata mtu mmoja na mwingine ameachwa, hapo kuna somo halijaeleweka, na unaweza kuuliza wanafundishwaje wiki nzima. Ukiona kila mmoja yuko alipotakiwa kuwa na bado pamebaki pengo la kupitisha lori, huo ndio mfumo. Na ukiona pengo lilelile kipindi cha kwanza, cha pili, na cha nne, hapo sasa una haki ya kumtaja kocha kwa jina. Maana kosa la Brown siku ile halikuwa kuchagua kukaba mtu kwa mtu. Alikuwa ameshinda nako mechi nyingi. Tatizo ni kwamba alikuwa na jibu moja, na wapinzani walikuwa wameshalisoma. Kila chuo kikubwa kina watu wanaoshinda usiku na mchana wakitazama video za wapinzani. Kocha asiye na jibu la pili, jibu lake la kwanza lina muda wa kuishi.

Mwaka 2019 tulipigwa tena, 56 kwa 27, nyumbani kwetu, na safari hiyo mkimbiaji wao J.K. Dobbins alitukimbilia yadi 211. Mwaka 2020 mechi na Ohio State haikuchezwa kwa sababu ya korona, lakini tarehe 31 Oktoba mwaka huo Michigan State, chuo kingine cha jimboni kwetu, walikuja Ann Arbor, nyumbani kwetu, wakatushinda 27 kwa 24, na kijana wa mwaka wa kwanza, Ricky White, akapokea pasi za yadi 196. Kundini kwetu kila mtu akaandika, "Yaleyale."

Hayakuwa yaleyale, na hapa ndipo wabishi wengi hukosea. Mwaka 2018 mabeki wetu wa pembeni walikuwa wazuri hasa. Mwaka 2020 mwenye uzoefu kuliko wote, Ambry Thomas, alikuwa ameamua kutocheza msimu ule wa korona. Ukirudia video ya White utaona hakuna msongamano, hakuna kugongana. Ni mbio za watu wawili kwenye mstari mmoja, mpira juu, na mpokeaji anaupata. Mfumo uleule, ugonjwa tofauti. Mara ya kwanza walikuwepo watu na halikuwepo jibu la pili. Mara hii kocha aliwaachia peke yao vijana ambao hawakuwa tayari kuachwa peke yao. Lawama bado ni ya benchi la ufundi, lakini dawa yake ni nyingine, na ukizichanganya utaomba kitu kisichoponya.

Brown aliondolewa mwishoni mwa msimu huo. Akaja Mike Macdonald, mwenye umri wa miaka 33, kutoka Baltimore Ravens, timu ya kulipwa. Nilifurahi kama mtoto. Tarehe 30 Oktoba 2021 tukafungwa na Michigan State tena, 37 kwa 33, mkimbiaji wao Kenneth Walker akifunga tachidauni tano kwa mbio. Simu zikaanza: "Umeona? Kocha mpya, mambo yaleyale." Usiku ule nilirudia video mpaka saa nane. Mara kadhaa walinzi wetu walikuwa bado wanabadilishana, mmoja anatoka, mwingine anaingia, na mpira umeshaanza. Wapinzani waliharakisha makusudi. Hilo ni jambo la kurekebishwa mazoezini, halihitaji kumfukuza mtu.

Wiki nne baadaye, theluji ikidondoka, tukawashinda Ohio State 42 kwa 27. Ulikuwa ushindi wetu wa kwanza dhidi yao tangu 2011.

Nataka ukae na namba za siku hiyo, kwa sababu ndizo zilizobadilisha jinsi ninavyosoma takwimu. Kwotabaki wao C.J. Stroud alirusha yadi 394. Haskins, siku ile ya pointi 62, alirusha 396. Yadi mbili tu tofauti! Anayetazama yadi peke yake atasema ulinzi wa 2021 ulikuwa mbovu vilevile. Lakini Haskins alizipata kwa pasi 20 zilizokamilika, Stroud alihitaji 34. Yaani kila pasi ya Haskins ilikula karibu yadi 20, ya Stroud haikufika 12. Macdonald hakuwazuia kusogea. Aliwalazimisha wasogee kidogo kidogo, wafanye mambo mengi sawasawa mfululizo, na kila jaribio la ziada lilikuwa nafasi nyingine kwa mlinzi wetu Aidan Hutchinson kumfikia Stroud. Alimwangusha mara tatu. Ukiletewa takwimu ya ulinzi, uliza zilipatikana kwa majaribio mangapi, dhidi ya nani, na upande wetu wa mashambulizi ulikuwa unafanya nini. Siku hiyo mkimbiaji wetu Hassan Haskins (si yule Dwayne) alifunga tachidauni tano kwa mbio za subira, mpira ukakaa kwetu, ulinzi ukapumua.

Sasa kuhusu vijana. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nililifanya. Beki niliyemtukana mwaka 2018 alikuwa mwanafunzi. Sheria za wakati ule hazikumruhusu hata kupata senti kwa kutumia jina lake. Ruhusa hiyo ilikuja Julai 2021. Kocha analipwa mshahara mnono ili achambuliwe hadharani, na mchambue, tena bila woga, ila mchambue kwa kazi yake. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyekwenda alikoambiwa aende, usimwandikie upuuzi kwenye ukurasa wake saa sita usiku. Mama yake anausoma.

Na ukiwa shabiki wa kweli, kubali kusikia la upande wa pili. Kila nikitaja ushindi wetu wa 2021, 2022 na 2023, na ubingwa wa kitaifa tuliouchukua Januari 2024 kwa kuwafunga Washington 34 kwa 13, shemeji hunitajia kashfa ya wizi wa ishara ambazo makocha wapinzani huwapa wachezaji wao maagizo, iliyofumuka Oktoba 2023. Simkatazi. Ni kweli ilitokea, na Jim Harbaugh, kocha wetu mkuu, alifungiwa mechi tatu za mwisho za msimu wa kawaida. Namwomba tu arudi kwenye utaratibu wetu: achague jaribio, tulitazame, anionyeshe beki gani alikuwa mahali ambapo asingeweza kujua.

Utaratibu huo tuliuanza mwaka 2021. Walikuja kwetu kwa Sikukuu ya Shukrani na wakabaki mpaka mechi ya Jumamosi. Ilipokwisha, sikushangilia usoni pake, naye hakuondoka. Nikamwambia achague jaribio moja. Akachagua mojawapo ya yale matatu ya Hutchinson. "Hapa huyu jamaa amemzidi nguvu mzuiaji wetu," akasema. "Usiniambie mfumo. Huyu ni mtu." Nikarudisha nyuma, nikasimamisha pale Stroud anapotazama kulia, anasita, anatazama katikati, anasita tena. "Na hapa anasubiri nini, shemeji? Mbona hatupi?" Akasogea karibu na runinga. Tukaanza kuwahesabu walinzi wa nyuma kwa kidole, mmoja mmoja. Hakukubali, na mimi sikukubali. Dada yangu alitupashia makande moto mara mbili.