Kosa Linapotokea Wodini, Wote Wanamtazama Mkuu

Huruma ya kiongozi wa hospitali utaijua siku mgonjwa anapopewa dawa isiyo yake. Dakika zile, wote waliopo wodini, kuanzia daktari hadi mhudumu wa usafi, wanamtazama mkuu atafanya nini. Watakachokiona ndicho kitakachoamua kama kosa la kesho litasemwa au litafichwa.

Nimekuwa muuguzi chini ya wakuu wa kila namna, kisha nikawa mimi ninayepanga zamu na kupigiwa simu usiku kukiwa na jambo baya. Ninaloliamini kuliko yote niliyojifunza ni kwamba huruma kwa wafanyakazi ni sehemu ya usalama wa mgonjwa. Wanaoiona kama anasa ya hospitali zenye fedha wanakosea sana.

Nikiwa bado mgeni kazini, mwenzetu alimpa mgonjwa dozi ambayo zamu iliyotangulia ilikwishampa bila kusaini kwenye chati. Mkuu wetu alianzia kitandani: akampima mgonjwa, akamwita daktari, akahakikisha yuko salama. Halafu akamchukua yule muuguzi pembeni, akamkalisha, akamuuliza kama anaweza kuendelea na zamu, na wagonjwa wake akawakabidhi mwingine kwa muda. Maswali ya uchunguzi yalikuja baadaye, na la kwanza lilihusu chati. Jioni ileile familia ilielezwa ukweli wote, mkuu akiwa amesimama pamoja na muuguzi wake. Baada ya hapo tulianza kuripoti hata yale yaliyokaribia kuwa makosa, kwa sababu tulikuwa tumeona kwa macho yetu kwamba ukweli haumwangamizi anayeusema.

Nimefanya kazi pia mahali ambapo mkuu alifoka mbele ya wagonjwa. Fomu za matukio pale zilikaa kabatini bila kujazwa, na kwenye ripoti wodi ilionekana haina kosa hata moja. Rekodi safi ya namna hiyo inatisha. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa hospitalini akitarajia kwamba timu zinazoongozwa vizuri zingekuwa na makosa machache. Alikuta timu hizo ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba watu wa timu hizo waliweza kuyasema. Mwaka 2000 naye daktari Albert Wu aliandika kwamba mhudumu aliyekosea ni mwathirika wa pili baada ya mgonjwa. Nimewaona waathirika hao: usingizi unawatoka, wanahesabu vidonge mara tatu mikono ikitetemeka, wengine wanaacha kazi kabisa. Ukimwacha mtu wa namna hiyo amalizie zamu peke yake, unawahatarisha wagonjwa waliobaki.

Profesa Michael West, aliyeandika sana kuhusu uongozi wenye huruma, anautaja kwa mambo manne: kumsikiliza mtu kwa makini, kuelewa kinachomsumbua, kuguswa nacho, na kumsaidia. Wakuu wengi ninaowafahamu wanafika kwenye la tatu wakasimama. Muuguzi anasema amechoka, mkuu anasikitika kwa dhati, anampa pole, na wiki inayofuata ratiba ya zamu inabandikwa ilevile.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwa mkuu mpya unahusu ratiba, kwani hapo ndipo wafanyakazi wanapouhisi uongozi wako mwilini mwao. Usimtoe mtu zamu ya usiku ukampanga mchana bila kumpa nafasi ya kulala. Bandika ratiba mapema, ili watu waweze kupanga maisha yao. Waruhusu kubadilishana wao kwa wao, mradi ujuzi unaohitajika ubaki wodini. Na kuna jambo linalosahauliwa hata na wakuu wenye moyo mzuri: ukimpa mmoja ruhusa, kuna mwingine anayeibeba zamu yake. Mara nyingi ni yuleyule, asiye na watoto au asiyejua kukataa. Yeye ndiye anayekesha kila sikukuu, na kwa kuwa halalamiki hakuna anayeliona. Weka daftari la nani amemshikia nani, liwe wazi kwa wote, na ulipe deni hilo kwa siku za mapumziko. Huruma inayomwangukia mtu mmoja kila mara ni dhuluma kwake, hata kama aliyeifanya alikuwa na nia njema.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu mkali wa kazini kuwa unatokana na msongo wa muda mrefu wa mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Lilisema mahali pa kazi. Ndiyo maana sipendi semina zinazomfundisha muuguzi kuvuta pumzi wakati anahudumia wagonjwa wanaostahili wauguzi wawili. Upungufu wa watumishi mkuu wa wodi hawezi kuumaliza. Anachoweza ni kuupeleka juu kwa maandishi, tena na tena, bila kuupamba, na kuwaambia watu wake alichojibiwa.

Yapo mengine yaliyo ndani ya uwezo wake. Uliza kila makabidhiano ya zamu: nini kimewazuia leo kufanya kazi vizuri? Nilipoanza kuuliza hivyo nilitarajia kusikia habari za mishahara. Nikaambiwa ufunguo wa stoo ya glavu unakaa na mtu ambaye usiku hayupo, mashine ya kupimia presha inaazimwa wodi nyingine na hairudi, na takwimu zilezile zinaandikwa kwenye rejista mbili. Haya yalitatulika kwa mazungumzo mafupi, nayo yalikuwa yakiwala watu muda na nguvu kila siku.

Huruma pia inahitaji ukali. Daktari bingwa anayewadhalilisha wauguzi anajenga ukimya utakaomuua mtu. Muuguzi aliyetukanwa juzi hatasema leo kwamba upande unaotaka kupasuliwa siyo wenyewe. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, inawataka wote walio chumbani wajitambulishe kwa jina na kazi kabla ya mgonjwa kupasuliwa, maana aliyekwisha kutaja jina lake ni rahisi zaidi kwake kufungua kinywa tena. Basi zungumza na bingwa huyo faraghani, siku hiyohiyo, ukitaja alichosema na alichomfanyia aliyeambiwa. Akirudia, peleka suala mbele kwa utaratibu wa kazi, hata kama ndiye mpasuaji pekee mlionaye. Hilo la mwisho ni gumu na linakugharimu, lakini wadogo wako wanalisubiri.

Kama umeteuliwa karibuni, omba kuanza na zamu ya usiku. Acha nyumbani daftari la ukaguzi. Geuza wagonjwa pamoja na wauguzi wa zamu, badilisha dripu, pokea aliyeletwa alfajiri. Tazama ni nani anayekimbia na anakimbilia nini. Asubuhi, kabla hujaondoka, chagua kikwazo kimoja ulichokiona na ukiondoe siku hiyo.