Puti haishiki mkanda wa kiti

SWALI: Fundi, habari za kazi. Gari langu dogo lina miaka 16 na kwenye ukaguzi wa mwaka huu limekataliwa. Karatasi inasema kizingiti cha upande wa kulia kimeliwa na kutu karibu na mahali ulipofungwa mkanda wa kiti cha nyuma. Nilishangaa, maana gari linang'aa na injini haina neno. Fundi wangu anasema hiyo ni kazi ya saa mbili: atajaza faiba (nyuzi za kioo zilizoloweshwa gundi) na puti, apake lami nyeusi juu yake, nirudi nikapite. Ni sawa? Pia madigadi ya mbele yamebonyea na milango ina mikwaruzo, ila mkaguzi hakuyaandika. Nianze na yapi?

JIBU: Si sawa, ndugu yangu, na gari usimrudishie huyo fundi.

Uniwie radhi kwa ukali. Swali hili huletwa kwangu kila mara, na karibu kila anayelileta ana maneno yale yale mdomoni: injini haina neno. Watu tumezoea kuiona bodi kama kanzu, kwamba ikichanika inatiwa kiraka na aliyeivaa yuko salama ndani. Kwa lori na pikapu nyingi kuna ukweli kidogo hapo, kwa sababu chini ya bodi kuna chasisi inayobeba mzigo. Gari lako dogo halina chasisi ya namna hiyo. Lilitengenezwa kwa mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa kwa maelfu ya nukta za kuchomelea, na mabati hayo ndiyo mifupa yake. Kizingiti ulichoandikiwa, ile sehemu ndefu iliyo chini ya milango, ni bomba la chuma lenye uwazi ndani. Ndicho kinachozuia gari lisipinde katikati, na sehemu ya nguvu za kugongwa ubavuni hupitia hapo.

Sasa ongeza mkanda. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 14, inayohusu sehemu za kufungia mikanda, inataka sehemu hizo zivutwe kwenye majaribio kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 1,300 upande wa kifua, na nyingine kama hiyo upande wa kiuno, kwa wakati mmoja, bila kung'oka. Hiyo ndiyo kazi ya chuma kilichooza kwenye gari lako. Puti ni unga na gundi. Ilitengenezwa kusawazisha bonde la milimita mbili tatu kabla ya kupaka rangi, na kwa kazi hiyo mimi mwenyewe naitumia kila siku. Faiba nayo haishikamani na chuma chenyewe palipo na kutu. Inashikamana na unga wa kutu, na unga huo haujashika chochote. Siku gari litakaposimama ghafla na mtu amefunga mkanda huo, bolti itatoka na kiraka chake.

Ndiyo maana mkaguzi mzuri hahangaiki na kutu popote anapoiona. Kutu ya juu juu mlangoni anaipita. Anachouliza ni hiki: hapa kumefungwa nini? Uingereza, kwa mfano, ukaguzi wao wa kila mwaka hupima sentimita 30 kuzunguka mahali palipofungwa mkanda, usukani, breki au suspenshoni, na chuma kilichodhoofika ndani ya eneo hilo kinaliangusha gari. Puti na faiba hapo hazihesabiwi kuwa matengenezo. Hata mchomeleo wa kurukaruka, nukta hapa nukta pale, haukubaliwi kwenye kiraka kama kiwanda hakikuunga hivyo.

Usimwone mkaguzi wako mkorofi. Pengine amekuokolea mtu.

Kuhusu madigadi na mikwaruzo, kuna machache ya kusema. Hayakuandikwa kwa sababu ni sura tu. Yangeandikwa kama bati lingechanika likaacha ncha ya kumchana mpita njia, au kama lingebonyea mpaka tairi linalisugua ukikata kona. Makosa mengine ya bodi yanayoangusha magari ni ya kuchekesha kwa jinsi yalivyo mepesi kutengeneza: bampa linaloning'inia kwa waya, mlango wa dereva usiofunguka kwa ndani, boneti ambayo ndoano yake ya pili, ile ya akiba inayoizuia isifunuke njiani, imekufa, kiti kinachocheza kwenye reli. Hayo yatazame kabla ya siku ya ukaguzi. Rangi isubiri.

Nirudi kwenye kizingiti. Kutu ya pale huanzia ndani. Maji huingia kwa juu, hukusanya matope na majani, na matundu madogo ya kuyatolea chini huziba. Chuma hukaa kimelowa miezi na miaka huku nje rangi inang'aa. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo rangi inapoanza kuvimba malengelenge, jua ndani kumeshaharibika zamani. Kupaka lami nyeusi juu ya hali hiyo ni kuifungia mvua ndani ya nyumba. Lami ina kazi yake kwenye chuma safi na kikavu. Juu ya kutu inatunza unyevu na kuficha ushahidi.

Kazi halali inakwenda hivi. Fundi anakata mpaka akute chuma kizima, hata kama shimo la ukubwa wa sarafu litageuka kuwa la urefu wa mkono (na mara nyingi hugeuka, kwa hiyo mtu akikutajia gharama kabla hajafungua, anabahatisha). Betri inatolewa ili umeme wa kuchomelea usiunguze kompyuta za gari. Viti na mazulia vinatoka, paipu za mafuta na za breki zinakingwa, na kizimamoto kiwe karibu. Kipande kipya kiwe cha chuma cha unene ule ule, na mabati mengi ya bodi huzunguka milimita moja, kisha kichomelewe mfululizo pande zote. Mwishoni ndani hupuliziwa nta, kwa sababu moto umeunguza kinga iliyokuwapo, na matundu ya maji yanaachwa wazi. Fundi akija na mtungi wa gesi na moto mkubwa kwa gari la miaka ya karibuni, mwambie hapana: baadhi ya vyuma vyake ni vya nguvu maalumu, na vikipashwa moto kupita kiasi vinalegea bila kuonyesha alama yoyote.

Mwambie pia akuite kabla hajakifunga. Unataka kuona chuma, si rangi.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya nilichowahi kukuta mwenyewe. Niliwahi kuletewa gari lililonunuliwa wiki chache nyuma, jeusi ti chini kama sufuria mpya. Mwenye gari alilalamika mlango wa nyuma haufungi sawasawa. Niligonga kizingiti kwa mpini wa bisibisi nikitegemea mlio wa chuma, nikasikia kama ninagonga boga. Tulipokwangua lami tulikuta puti, chini ya puti povu la kujazia madirisha, na ndani ya povu magazeti yaliyokunjwa. Chuma kilichobaki ungekivunja kwa vidole. Mlango haukuwa na kosa. Gari lilikuwa linajikunja katikati.

Aliyefanya kazi ile anajiita fundi. Wako wengi, na wanaishi kwa wateja wanaouliza "nitapita?" badala ya "kitashika?" Hao hao hufunika sakafu iliyotoboka kwa kipande cha bati na ribiti, zulia likarudishwa juu. Ekzosi ikivuja chini ya sakafu hiyo, kaboni monoksaidi huingia walipokaa abiria, na haina rangi wala harufu ya kumwamsha mtoto aliyelala kiti cha nyuma.

Kwa hiyo gari lolote unalotaka kununua likiwa limepakwa lami mbichi siku chache kabla ya ukaguzi au kabla ya kutangazwa kuuzwa, lala chini uligonge urefu wote. Inua zulia kwenye miguu ya abiria, papasa kama kuna unyevu. Chukua sumaku nyepesi, ifunge kwenye kitambaa, uipitishe kwenye vizingiti na juu ya magurudumu. Inapokataa kushika kuna puti nene. Bampa za plastiki na boneti za alumini hazishiki sumaku hata zikiwa mpya, kwa hiyo usimgombeze muuzaji bure.