Daktari wa Mifugo Anajibu: Kale kamashine ka kupima ng'ombe, ninunue?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji huku Rungwe, nina ng'ombe 3 wa maziwa nawafugia bandani. Mwezi uliopita mmoja katupa mimba ya miezi 7, zalio likabaki ndani mpaka afisa mifugo akaja. Sasa mwanangu wa Dar kanitumia picha ya kamashine kama kale ka kupimia sukari, eti unaweka tone la damu ya ng'ombe na baada ya dakika 15 unajua ana brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, au hana. Wanauza laki 3 na nusu pamoja na vijiti 10. Halafu baba watoto wiki ya 3 hii anaumwa homa, inakuja jioni asubuhi haipo, kiuno kinamuuma, kashamaliza dozi 2 za malaria. Ninunue?
*Mama wa Tukuyu*

JIBU: Marahaba mama. Ng'ombe watasubiri kidogo, tuanze na baba. Mpeleke hospitali kesho, na akifika asiseme tu "nina homa", aseme hivi: nyumbani tuna ng'ombe aliyetupa mimba. Asipolitaja hilo atapimwa malaria, atapimwa taifodi, atarudishwa nyumbani na panadol. Brusela kwa binadamu ndo inakuja hivyohivyo, homa ya kupanda na kushuka, jasho usiku, viungo na kiuno. Inatibika, ila dawa ni 2 kwa pamoja na ni karibu wiki 6, sio sindano moja ya duka la dawa. Na nyie wengine, nani alishika kile kichanga na zalio? Kwa mikono mitupu? Waende nao. Maziwa chemsheni yote, hata ya kugandisha mtindi.

Sasa kamashine. Mwanao hajakosea kukafananisha na ka sukari. Kijiti cha sukari kina kimeng'enya kinachoitambua sukari kwenye damu, kinatoa umeme kidogo sana, mashine inausoma na kukupa namba. Biosensa ya ugonjwa, yaani kamashine ka aina hiyo, ni mchezo uleule, sema badala ya kimeng'enya wanabandika kitu kinachomtambua bakteria au alama zake, halafu umeme au mwanga unasomwa. Vile vipimo vya mimba na vya malaria vya mistari 2 ni ndugu zake wa karibu, ule mstari mwekundu unaouona mara nyingi ni chembechembe ndogo sana za dhahabu zimenasa pale. Kwa hiyo sayansi yenyewe sio utapeli. Ila vya umeme kwa ajili ya brusela vingi bado viko mikononi mwa watafiti, vinavyouzwa mitaani kwa kawaida ni vijiti vya mistari, hata wakivichomeka kwenye kamashine kazuri.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: kinatafuta bakteria mwenyewe au kinatafuta kingamwili? Maana bakteria wa brusela anajificha ndani ya seli, kwenye tone la damu unaweza usimpate kabisa, ndo maana vipimo vingi vinatafuta kingamwili, yaani zile askari ambazo mwili wa ng'ombe umezitengeneza. Na hapo ndo watu wanaumia. Ng'ombe aliyeambukizwa juzi bado hana askari wa kutosha, kijiti kitasema hana, utamwingiza bandani na wenzake. Mtamba naye anaweza kuzaliwa na ugonjwa, akapimwa kila mara anaonekana mzima mpaka akaribie kuzaa au atupe. Upande wa pili, ng'ombe aliyechanjwa chanjo ya brusela iitwayo S19 akiwa mkubwa anaweza kukaa na kingamwili muda mrefu, kijiti kitasema anao wakati ni chanjo tu, umchinje bure. (Ndo maana S19 tunaichoma kwa ndama jike wa miezi 3 mpaka 8, madume hapana, na anayechoma awe mwangalifu asijidunge maana ni bakteria hai.) Ile chanjo nyingine, RB51, haina usumbufu huo kwenye vipimo vya kawaida. Ulinunua huyo ng'ombe au kazaliwa kwako? Kama ulinunua muulize aliyekuuzia alichanjwa lini na chanjo gani, manake bila hilo jibu la kijiti halina maana sana.

Kwa hiyo laki 3 na nusu kwa ng'ombe 3, mimi nasema hapana. Mwambie afisa mifugo achukue damu ya wote 3, sio ya yule mmoja tu, afanye kipimo cha Rose Bengal, ni tone la majimaji ya damu na tone la dawa ya pinki kwenye kigae, unatikisa dakika 4, ikifanya mabonge mabonge basi kuna jambo. Akionekana mwenye ugonjwa, sampuli iende maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, wathibitishe kabla hujafanya lolote. Wasioonekana warudiwe baada ya wiki kadhaa. Yule aliyetupa mtenge leo, usiku huu, hata kabla ya majibu. Antibayotiki kwa ng'ombe mwenye brusela usipoteze hela, akithibitishwa anaondolewa, na kuondoa sio kumpeleka mnadani akamtupie mwenzio mimba, naomba tuelewane hapo. Kichanga na zalio vizikwe kwa kina, vifunikwe chokaa, mbwa wasifukue.

Kama mko kwenye kikundi cha wafugaji 40 au 50, hapo vijiti vinaanza kuleta maana, mnachuja haraka halafu wachache ndo wanaenda maabara. Lakini anayevishika awe ni daktari wenu, na viwe vimetunzwa kwenye ubaridi ulioandikwa kwenye boksi. Kijiti kilichosafiri kwenye buti ya basi kutoka Dar na jua lile, mimi hata sikisomi.

SWALI: Daktari habari. Niko Nyandarua, nakamua ng'ombe 4. Maziwa yangu yamekataliwa mara 2 mwezi huu na nikiangalia yako sawa tu, hayana mabonge wala damu. Kuna jamaa anauza ka kifaa ka digito, unatia kwa maziwa inakupa namba. Inafanya kazi ama ni kukula pesa za watu?
*Mkamuaji*

JIBU: Inafanya kazi, nusu. Kiwele kikiwa na ugonjwa chumvi inavuja kutoka kwa damu kuingia kwa maziwa, basi umeme unapita rahisi, hiyo namba inapanda. Usilinganishe na namba ya jirani, linganisha chuchu 4 za ng'ombe mmoja, ile iliyoruka wenzake ndo ya kuangalia. Lakini haitakuambia ni bakteria gani, na dawa ya huyu si ya yule.

Kabla ununue jaribu kile kisahani cha vikombe 4 cha CMT, kipimo cha ugonjwa wa kiwele, kiko tangu 1957 na hakijashindwa bado. Huna? Kuna watafiti wa Asia Kusini walitumia sabuni ya unga ya kufulia, gramu 15 kwa nusu lita ya maji, unachanganya na maziwa kiasi sawa na kuzungusha. Yakivutana kama mlenda, chuchu hiyo ni gonjwa. Mwaga hayo maziwa, mtoto asiyaone. Halafu mwite daktari achukue sampuli ya chuchu hiyo, na huyo ng'ombe mkamue wa mwisho.

SWALI: Daktari ng'ombe kafa ghafla asubuhi, damu inatoka puani na nyuma, nyeusi haigandi. Nimpasue nichukue damu ya kupimia?
*Longido*

JIBU: Huyu nilimpigia palepale, nachapisha kwa ajili ya wengine. USIMPASUE. Hiyo ni dalili ya kimeta, na damu ikikutana na hewa bakteria wanajifunga kwenye maganda yanayokaa ardhini miaka mingi. Nyama isiliwe, ngozi isichunwe. Daktari atachukua tone dogo la damu sikioni, inatosha, wewe kazi yako ni kuwafukuza mbwa mpaka afike.