Homa inayorudi, lakini kingamwili hazionekani

Swali: Shikamoo daktari. Niko Ngamiani, Tanga. Mwanangu wa miaka 9 kila baada ya wiki chache hushikwa na homa kali na tumbo, siku mbili tu, kisha anaamka mzima. Malaria hakuna, taifodi hakuna. Daktari anahisi homa ya kurithi ya Mediterania, maana ukoo wa baba yake una asili ya Kiarabu. Lakini vipimo vya kingamwili, vile vya lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe), havikuonyesha kitu. Kama ni ugonjwa wa kinga, mbona hazionekani?

Jibu: Marahaba, mama. Hazionekani kwa sababu hazihusiki. Kinga ya mwili ina pande mbili. Mmoja hujifunza adui na kumtengenezea kingamwili. Lupasi iko huko. Wa pili tunazaliwa nao: haungoji kujifunza, ukihisi hatari unawaka. Ugonjwa huu ni wa upande wa pili.

Chanzo ni jeni ya MEFV, katika kromosomu ya 16, iliyotambuliwa mwaka 1997. Hutoa protini iitwayo pirini, ndani ya chembe nyeupe za damu. Kwa kawaida pirini imefungwa. Hufunguka sumu za bakteria fulani zinapovuruga chembe. Ikifunguka huamsha kimeng'enya cha kaspasi-1, nacho hukata intalukini-1, protini ya kupiga kengele ya hatari, ianze kazi. Hiyo ndiyo inayopandisha homa na kuziita nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, zijae kwenye utando wa tumbo. Kwa wenye hitilafu, kamba ya pirini imelegea, hufunguka kwa jambo dogo. Tumbo hukakamaa kama la kidole tumbo. Wapo waliopasuliwa bure, na hilo huniuma.

Mwombe daktari ampime CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha kinga inapowaka, siku ya homa, na tena akiwa mzima. Mkojo upimwe protini pia, kwani kinga ikiwaka miaka mingi huacha amiloidi, mabaki ya protini yanayoganda, kwenye figo.

Ikithibitika, dawa ni kolchisini, inayotumika kwa ugonjwa huu tangu 1972. Humezwa kila siku, hata akiwa anacheza vizuri. Kungoja homa ianze ni kuchelewa. Kipimo apange daktari, kwa kuwa ikizidi ni sumu. Na tafadhali, akiugua kifua usimnunulie erithromaisini wala klarithromaisini dukani: huizuia kolchisini kutoka mwilini. Mwambie muuza dawa kwanza kuwa mtoto anameza kolchisini.