Alama za gemu yangu zinagoma kupanda

SWALI: Mambo kaka, niko Ujiji najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, natengeneza kagemu ka kuvua dagaa, ukirusha wavu unapata alama 1 mpaka 10. Juu niliandika alama = 0, ndani ya funksheni (kipande cha kodi chenye jina lake) vua() nikaweka alama = alama + samaki ikanipa UnboundLocalError. Nikaandika alama = 0 nyingine humo ndani, erori ikaisha ila mwisho wa gemu naambiwa nina sifuri. Kuna mtu kasema niweke global, niweke? Programu nzima nimeituma.

JIBU: Poa mdogo wangu. Python ikikuta ndani ya funksheni jina linapewa thamani, inalihesabu ni la humo humo, ya nje haiiangalii tena, sasa ukiiambia ijumlishe alama inakuta bado haina kitu ndo inagoma. Ile sifuri uliyoongeza imekupa alama mbili zenye jina moja, ya ndani inakufa funksheni ikiisha na ya nje haijaguswa.

Global, yaani kuiambia funksheni itumie alama ya nje, itafanya kazi, ila mi siipendi kabisa, kesho ukiongeza uza() na nunua_karabai() zote zinachezea alama hiyo hiyo, ikiharibika utatafuta mchawi usiku kucha. Fanya hivi:

def vua(alama):
    samaki = random.randint(1, 10)
    return alama + samaki

alama = vua(alama)

Huo mstari wa mwisho uangalie vizuri aisee, wengi wanakwama hapo, wanaandika vua(alama) peke yake, return inarudisha jibu halafu hakuna wa kulipokea, sawa na kuvuta wavu umejaa ukaumwaga tena ziwani. Na return ukiisahau, alama inageuka None (yaani hakuna kitu), raundi inayofuata None haijumlishiki na namba, unaletewa TypeError.

Kingine nimeona mchezaji akitaka kurudia unaita cheza() ndani ya cheza() yenyewe. Toa hiyo, weka loopu ya while, yaani ya kurudia, maana zile cheza() za mwanzo zinakuwa hazijaisha, zinasubiriana tu, na Python kikomo chake cha kawaida cha funksheni zinazosubiriana ni 1000, ukikifikia ni RecursionError.

Ikikubali, ongeza mbalamwezi, si unajua mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, kwahiyo iwe vua(alama, mbalamwezi), na mbalamwezi ikiwa True samaki watoke 1 mpaka 3 tu.