Mwanangu, umeniuliza kuhusu lile daftari la lokdauni

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma, ila sikutaka kukujibu kwa vijimaneno vifupi vifupi vya kwenye simu manake utaona kama nimekukwepa. Umesema mlivyokuwa mnapanga vitu stoo umekuta daftari langu la 2020, umefungua ukacheka, eti mama ulikuwa unaandika mpaka saa uliyolala, mpaka sweta ulifika wapi, mpaka nani kapiga simu, hivi yote ile ilikuwa ya nini? Afu ukaongeza kwamba na wewe sa hizi unafanyia kazi nyumbani, siku hazina kichwa wala miguu, umejaribu zile apu za kufuatilia tabia na kila mfululizo wa siku ukikatika unafuta apu unaweka nyingine, sasa unataka kujua mi niliwezaje mpaka daftari likajaa.

Niliweza kwa sababu sikuwa natafuta kuwa mtu bora. Hilo ndo jibu, yanayofuata ni maelezo tu.

Nadhani unakumbuka ilivyoanza. Tarehe 11 Machi 2020 WHO wakatamka kwamba korona sasa ni janga la dunia nzima, na ndani ya wiki chache sehemu nyingi watu wakafungiwa ndani, shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, mikusanyiko hakuna. Mwanzoni kila mtu alikuwa na mipango mikubwa, huyu anajifunza lugha, yule anakata kitambi, mwingine anasema atasoma vitabu vyote vilivyo kwenye kabati lake. Mi hata sikuwabeza, ilikuwa njia ya watu kujipa moyo. Ila baada ya muda ile ari ikaisha na kikabaki kitu ambacho hakuna aliyetuambia kitakuja, siku zikaanza kuyeyuka. Unaamka hujui kama ni Jumanne au Jumapili, na ukijiuliza wiki iliyopita ulifanya nini huoni kitu, wakati uliishi siku zote saba na zingine zilikuwa ndefu kweli.

Na hiyo haikuwa uzee wangu, msinisingizie. Kumbukumbu inashika pale mambo yanapobadilika. Ukienda kazini unapita njia, unakutana na sura, mvua inakunyeshea, mtu anakuudhi, na vitu kama hivyo ndo vinaitofautisha siku na siku. Sasa ondoa njia, ondoa sura, baki na chumba kilekile na skrini ileile, siku zinalaliana mpaka huwezi kuzitenganisha.

Kuna Mfaransa mmoja anaitwa Michel Siffre, mtu wa jiolojia, habari zake nilizisoma kipindi kilekile nikasema huyu ananihusu. Mwaka 1962, akiwa na miaka 23, alishuka kwenye pango la Scarasson huko milima ya Alps akakaa peke yake chini gizani, baridi kali, hana saa, hana jua, hana redio ya kumwambia muda. Alikuwa na waya wa simu tu wa kuwapigia wenzake juu kila anapoamka, anapokula na anapotaka kulala, na wale wenzake walikatazwa kabisa kumwambia ni saa ngapi. Alishuka tarehe 16 Julai. Walipomwambia muda umeisha, leo ni tarehe 14 Septemba, yeye hesabu yake ilikuwa inamwambia ndo kwanza 20 Agosti. Siku 25 zimepotea hivihivi. Na walipokuwa wanampima kwa simu, ahesabu moja mpaka 120, namba moja kila sekunde, yaani dakika mbili, alikuwa anatumia kama dakika tano na mwenyewe anaona yuko sawa kabisa. Ajabu ni kwamba mwili wake haukupotea, kulala na kuamka kwake kuliendelea kwa mzunguko wa saa 24 na nusu hivi, kilichopotea ni ile hesabu ya kichwani.

Utaniuliza, si alikuwa anaandika huko chini? Alikuwa anaandika, lakini tarehe zenyewe alikuwa anazikisia. Ndo maana kwenye daftari langu ukiangalia, tarehe na siku ya wiki zimeandikwa kwa peni nyekundu juu kabisa, na mara nyingi niliziandika asubuhi kabla sijajua hiyo siku itakuwa na nini. Hata kama chini yake kuna maneno matatu tu, siku ina jina lake.

Sasa ngoja nikuoneshe ukurasa mmoja, ule wenye doa la wino pembeni. Umeandikwa hivi: Jumatano. Nimelala saa nane usiku, nimeamka saa tatu. Sweta, mkono wa kushoto, nimefumua mpaka kwapani. Kitabu hakuna. Ngazi, kupanda na kushuka, nimechoka haraka. Simu, dada yako, kaongea harakaharaka. Habari za usiku nimeangalia mpaka mwisho.

Basi, ukurasa umeisha. Ila hebu uangalie vizuri. Hapo kwenye sweta, apu yako ingeniuliza leo umefuma ndiyo au hapana, mi ningejibu nini? Nilikaa na sindano na uzi karibu mchana mzima na jioni nikawa na sweta fupi kuliko la asubuhi. Kwa apu hiyo ni sifuri, au ni alama ya vema ya uongo. Kwenye daftari ni neno moja, nimefumua, na mi nikilisoma leo naikumbuka ile Jumatano yote, mwanga uliokuwa dirishani, nilivyonuna, baba yako alivyopita kimyakimya kama hajaona. Kufumua ni sehemu ya kufuma, kila anayefuma anajua, na mambo yako mengi unayoyapenda yana siku za hivyo ambazo hakuna kibox cha kuziweka.

Halafu angalia mstari wa kulala na mstari wa habari. Mi sikuchora grafu wala nini, nilikuwa nafunua tu kurasa za nyuma siku moja nimekaa, nikaona kila penye habari za usiku mpaka mwisho, zile namba za waliofariki nchi baada ya nchi, kesho yake kulala ni saa nane, saa tisa. Pale nilipoandika sijaangalia, nimelala mapema. Sisemi kila mtu atakuwa hivyo, ila kwangu ilikuwa wazi kama mchana. Nikahamishia habari saa sita mchana, na mpaka leo unajua usiku siangalii, mlikuwa mnadhani nadeka.

Na ya dada yako. Kaongea harakaharaka, kaongea harakaharaka, tena na tena, mara nikaandika kacheka lakini sio cheko lake. Kila simu peke yake nilikuwa namtetea, labda ana haraka, labda mtandao mbovu. Zikiwa zimepangana kwenye kurasa sikuweza kujidanganya, nikampigia nikamuuliza moja kwa moja, ndo akasema kazi ilikuwa imesimama na alikuwa anatuficha tusipate presha. Unaona sasa, mstari wa simu haukuwa wa kuhesabu nimepiga simu ngapi.

Turudi kwenye mfululizo wako unaokatika, manake hapo ndo unajitesa bure. Ile habari ya siku 21 kwamba tabia inajengeka, uliyonitumia ile video, chimbuko lake ni daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21 hivi angalau kuizoea sura mpya. Angalau, na ni kuzoea sura! Watu wakadaka namba wakaikimbiza. Waliokuja kupima tabia zenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, wakachapisha 2010, walichukua watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja dogo la kufanya kila siku, la kula au kunywa au mazoezi ya mwili, wakafuatiliwa wiki 12. Wale ambao hesabu zao zilikaa vizuri, katikati ikatoka siku 66 mpaka jambo likawa tabia, lakini kuna wa siku 18 na kuna ambaye makadirio yake yalifika 254. Na kitu ambacho apu yako haitakuambia, kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana, mtu akirudi kesho yake tabia inaendelea kujengeka palepale ilipokuwa. Sasa wewe siku moja ikipita unakuta sifuri nyekundu kwenye skrini, unafuta kila kitu. Kilichovunjika hapo ni mchezo wa apu. Tabia yako iko salama.

Kingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo, usichanganye vitu unavyolazimika na vitu unavyovipenda. Dawa, maji, kulala, mgongo kunyooshwa kila baada ya muda kwa sababu umekaa kwenye kiti siku nzima, hivyo hesabu tu hamna neno, hata tiki weka. Lakini gitaa lako usiliwekee dakika. Jordan Etkin wa Chuo Kikuu cha Duke alichapisha mwaka 2016 majaribio yake ambapo watu walikuwa wanapaka rangi michoro, wanatembea, wanasoma, wale waliokuwa wanahesabiwa walichofanya walifanya zaidi ila walifurahia kidogo, jambo likageuka kuwa kama kazi, na hesabu ikiondolewa hawakuwa na hamu ya kuendelea kama wenzao. Na mi nakujua, toka mdogo ukiwekewa namba unaikimbilia namba. Kwenye gitaa andika umepiga nini na ilisikikaje, au usiandike kabisa siku hiyo.

Afu usione aibu ya vitu vidogo. Ulicheka nilivyoandika nimekata kucha nikasikiliza mvua. Samuel Pepys, yule Mwingereza aliyeandika shajara kuanzia 1660 mpaka 1669, mwaka 1665 tauni ilipokuwa inaangamiza London, tarehe 3 Septemba alikaa akaandika kuhusu wigi lake jipya, kwamba alilinunua muda ila aliogopa kulivaa kwa sababu ya tauni, na anajiuliza ugonjwa ukiisha itakuwaje fasheni ya mawigi, nani atathubutu kununua nywele akihofia zimekatwa kwa waliokufa na tauni. Watu wanakufa yeye anawaza wigi. Wapo wanaomwona hana akili, mi namwona mtu mzima mwenye hofu kama sisi tulivyokuwa tunapanguza mifuko ya manunuzi na sabuni hatujui kama inasaidia.

Kwa hiyo swali lako la apu gani, mi sina upendeleo, hata ile ya kuandikia iliyokuja na simu inatosha. Ila zima notifikesheni zote, apu isikuite, wewe ndo uiite. Mistari isizidi mitano au sita, na mmoja uwe wa watu, nani umeongea naye na alisikikaje, kwa sababu unaishi peke yako na huo ndo mstari wa kwanza kutoweka bila kelele. Andika muda uleule kila siku, mi nilikuwa naandika baada ya kuoga usiku, sikuhitaji kengele. Ukiruka siku usirudi nyuma kujaza kwa kukisia, acha tupu na tarehe yake, utupu nao unasema kitu. Mle kwenye daftari kuna wiki karibu nzima iko tupu na mi najua kabisa ilikuwa wiki gani, wewe mwenyewe ulikuwa unaumwa, umejitenga chumbani, na mi nilikuwa nasikiliza kikohozi chako mlangoni, kalamu ningeshika saa ngapi.

Na kila baada ya muda, usisubiri mwaka, funua nyuma usome. Watu wengi wanaandika hawasomi, sasa hapo unakuwa umejaza fomu tu. Soma bila kujipigia mahesabu, angalia neno gani linajirudia. Likijirudia neno moja wiki mbili tatu, lishughulikie hilo, mengine yaache yalivyo.

Siku niliyoacha sikuitangazia hata nafsi yangu. Mlango ulishafunguliwa, tukaanza kutoka, siku zikawa na njia zake na sura zake tena, kurasa zikawa fupi halafu basi. Na wewe siku ukiona unatoka, unaonana na watu, siku zinajisimamia zenyewe, acha tu kuandika, hutakuwa umeshindwa kitu.

Daftari ukilitaka njoo ulichukue, mi sina shida nalo. Ila zile kurasa za katikati nilizozibana na pini za stapla ziache hivyohivyo, tulifungiwa ndani muda mrefu mimi na baba yako na sio kila nilichoandika kuhusu anavyokoroma ni cha watoto kusoma.

Mama yako